Adhana ya Alasiri na Timu ya Kamenge

Jumatatu, 9 Januari 1995

We Mwanasiti, haya! Tangu Maulidi hujaonekana hapa, kwenye daftari lako mwenyewe. Ulikuwa wapi? Marehemu mumeo Suud alikufundisha herufi kwenye magunia ya mchele, ukaapa utaandika kila juma. Sasa unakuja kwa sababu moyo unakuuma. Kaa. Andika.

Jana nimewapiga forfe vijana wa Kamenge. Ya pili.

Tulipoanza mashindano ya bilyari, makapiteni wote walikaa kwenye mukeka wangu hapa Buyenzi, wakanywa chai yangu, wakaandika sheria ukutani kwa rangi, juu ya meza aliyoacha Suud. Kila kartie, kila mutaa, timu moja. Mi ndiye arbitri, muamuzi wao, maana sichezi na simwogopi mutu. Timu ambayo haijafika adhana ya Alasiri ikianza — forfe, imepoteza mechi. Saa zao za mukononi zilikuwa zinabishana, lakini adhana inasikika na wote. Forfe tatu, jina linafutwa ubaoni. Tukaona ni sheria safi! Nani aliwaza habari za barieri za wanajeshi barabarani?

Jana waliingia adhana iko katikati. Wanajeshi waliwakalisha juani kwenye barieri. Vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikasema forfe. Cirimwami, kapiteni wao, hakubisha. Alisema tu: mama, sheria ni yetu, na mi nilitia mukono.

Afadhali angenitukana.

Niliwafungia maandazi ya njiani. Wakaondoka mbio, kuvrefe, saa ya kukatazwa kutembea, isiwakute nje.

Jumanne, 10 Januari

Mazin, mujukuu wangu, kapiteni wa Buyenzi, anapiga miluzi tangu asubuhi. Eti bibi, imebaki moja tu, tunawafuta. Nikamtupia mwiko. Ukampata!

Akaniuliza: na mi ulinihurumia? Kweli. Mwezi wa kumi na moja alichelewa mechi kwa sababu ya harusi, nikampiga forfe mbele ya wote. Akanuna, akakataa maharage yangu juma nzima. Nikilegeza kwa Cirimwami, huyu atanishika wapi? Na ana haki.

Ijumaa, 20 Januari

Baada ya sala niliwaita makapiteni. Nikasema tuongeze mustari mumoja tu ukutani: aliyezuiwa barieri, angojewe. Lakini tuliandika pia kwamba sheria haibadiliki mpaka wote wakubali.

Wengine wote walikubali. Mazin akasema apana.

Cirimwami alikuja kwa muguu toka Kamenge kwa neno hilo moja. Akamwambia: ndugu yangu, usiku hatulali, muchana hatupiti, hii bilyari ndiyo kitu kimoja kinachotutoa kule. Mazin akajibu: na Ilyasi mulimpeleka wapi?



Ilyasi ni rafiki wa Mazin. Watu wa kule walimshusha kwenye minibasi njia ya Kamenge, hakurudi. Nililia na Mazin, nikamufuta kamasi kama mutoto. Lakini Cirimwami hakuwepo kwenye njia ile! Nimesema hivyo, kwa sauti. Mazin akatoka nje.

Cirimwami akanibusu mukono. Akasema mechi ya mwisho watakuja, hata kwa kutambaa.

Jumamosi, 28 Januari

Kesho vilemorti, siku ya kufunga muji. Vijana wanapanga mawe barabarani, duka zote zitafungwa, hakuna gari. Mama muuza mboga za lengalenga anasema huko Kamenge kunalia bunduki toka jana.

Kesho ndiyo mechi ya mwisho. Kamenge na Buyenzi. Siku chache tu Ramadhani itaandama, na Ramadhani hatuchezi. Hakuna siku nyingine.

Nimesugua meza. Sijui kwa ajili ya nani.

Jumapili, 29 Januari

Ninaandika hapa hapa, kwenye kiti cha arbitri. Mupira mweupe uko mapajani mwangu. Asiye na mupira mweupe haanzi.

Mazin na wenzake wamepaka chaki fimbo zao toka adhuhuri. Kamenge hawajafika. Moshi upande ule. Mulio, kisha kimya, kisha mulio.

Na adhana haijapigwa! Shakuru muadhini hakupanda munarani. Umeme hakuna, risasi zinapita juu ya bati. Wamesali majumbani.

Mazin: bibi, Alasiri imepita, angalia kivuli.

Nikamwambia: ukuta unasema kivuli? Soma.

Akasoma. Akanijibu: Unasema adhana.

Basi, mwanangu, hawajachelewa. Kaa chini.

Wenzake wakacheka, si kicheko cha furaha. Mumoja akasema, bibi, unangojea maiti. Nikamwambia afunge mudomo, ndani ya nyumba yangu hakuna maiti.

Najua hawaji. Sijui hata kama wapo. Lakini waliniwekea sheria mukononi, na hii sheria iliyowakata mara mbili, leo iwashike kidogo.

Mazin amesimama sasa. Ameweka fimbo chini, ameenda mulangoni. Anasema basi ataadhini yeye. Ameinua mikono mpaka masikioni.

Nimemuuliza: Mazin, utamwita Mungu ili umufute mutu?

Hajashusha mikono. 

Mwanasiti, ukirudi kwenye daftari hili, usianze na salamu. Nenda kwanza ukaangalie ubaoni kama jina la Kamenge lipo. Kama limefutwa, usiandike kwamba ni sheria. Andika ni mukono wa nani.