Klipi ya Matanga ya Dady

Jumatatu, 5 Juni 2023

Placide amekuja kwenye kiosque yangu asubuhi na kadi ya telefone, ile ya kuweka video, ndani ya karatasi ya sigara. Kadi ya Dady, binamu yake. Dady yule aliyekufa mwezi wa tano kule Salamabila, shimo la zahabu limemwangukia. Telefone iko naye chini ya udongo. Kadi imepona kwa sababu alikuwa ameituma mbele kwa mutu wa pikipiki, alitaka nimufanyie klipi. Sasa Placide njo mukubwa wa mafan wa mwimbaji mumoja wa Kinshasa, cheo kile alichoacha Dady. Wanataka klipi ya siku ya kuondoa matanga, Jumamosi ya wiki ijayo. Wimbo mupya wa mwimbaji, picha za Dady.

Nimetazama. Eee! Zote amepiga telefone imesimama, zote zinatetemeka, na format yenyewe mashini yangu inakataa. Dady anacheza kwenye matope, kiuno cha mbao. Na huyu njo watu walikuwa wanamushangilia! Mi ninayekata na kushona klipi za Kasongo nzima, nani ananijua? Marehemu hasemwi vibaya, wanasema. Basi mi nasema.

Jumatano, 7 Juni

Kukonvertir video tangu jana. Batri ya pano ya sola inachoka mapema, jua la siku hizi ni la vumbi. Kila video nimebadilisha format, nimelaza picha, nimekata vichwa na mikia. Sauti nimetoa yote. Kazi iko hivyo: klipi ni ya mwimbaji, makelele ya mutu mwingine yanaharibu. Halafu video bila sauti ni nyepesi, mashini haikwami. Zile video za kwanza, zenye sauti, nimefuta, disque ya mashini imejaa filamu za Wahindi. Kadi nayo nimefuta vyote ndani yake, klipi ikiisha iingie humo.

Iko moja ndefu. Dady ameweka uso karibu kabisa, anaongea, anacheka, anaongea tena. Sikusikiliza. Nilikuwa natafuta mahali mudomo unafanana na maneno ya wimbo. Nimepata! Pale kwenye kiitikio, mutu anaweza kuapa Dady iko anaimba. Mi ni fundi, wallahi.

Alhamisi, 8 Juni

Mama yake Dady amekuja. Mama Emilienne. Haoni — nzi wadogo wa mto walimumaliza macho zamani, kule Nyangwe. Amepapasa ukuta mpaka mulangoni, akajigonga goti kwenye benchi yangu. Nimecheka kidogo. Hakuona, si haoni?

Amesema: "Baba, klipi ni ya wenye macho. Mi unipe sauti tu. Yule mutu wa pikipiki aliniambia, Dady aliniachia maneno kwenye kadi. Dady alimuambia hivyo tu akimupa kadi."

Placide hakuniambia! Ningejuaje mimi?

Nikajibu: bado inapikwa ndani ya mashini, mama, urudi Jumatatu. Ameamini. Amenibariki kwa Mungu wake. Akitoka amegonga benchi ile ile, na safari hii sikucheka.

Jumapili, 11 Juni

Programu ya kurudisha vitu vilivyofutwa imezunguka tangu juzi. Imeniletea nusu ya filamu ya Wahindi na sauti ya koleo inachimba. Koleo tu! Mutu hakuna.

Niseme nimefuta? Placide iko na mikono mizito, na mafan wake watavunja kiosque. Hapana. Shuleni nilikuwa naiga sauti ya mwalimu mpaka darasa la jirani linasimama kumusalimia. Na Dady nilimusikia miaka — sauti ya puani, maneno yanakimbizana. Nimeingia chini ya blanketi na telefone: "Mama, ni mimi Dady. Mama, usilie. Kazi iko, nitarudi na mabati ya nyumba." Nyuma nimeweka ile koleo. Nikasikiliza. Mwenyewe nywele zimesimama! Kipofu, tena iko ndani ya matanga — atameza bila kutafuna.

Jumatatu, 12 Juni

Amemeza!

Nimemuvalisha ekuta masikioni. Neno la kwanza tu, uso umesimama. Akasema: rudisha. Nikarudisha. Rudisha tena. Halafu ametoa ekuta, amezipangusa na kitenge chake vizuri, amenipa mukononi. Hakulia hata tone. Ameniuliza: "Mama yako angali muzima?" Nikasema ndiyo. "Musalimie," akasema. Akaenda.

Wanawake wengine mioyo yao ni mawe. Mutoto amekufa na hata chozi hakuna! Nimekula wali na samaki, nimelala vizuri mchana.

Jumatano, 14 Juni

Placide amekuja kutazama klipi. Amefurahi, amepiga meza. Nikajitia mutu mwema, nikamuambia nimemusikilizisha mama yale maneno, "Mama, usilie."

Placide akacheka. "Dady? Amwite mama? Wapi! Bibi yake njo alimulea. Emilienne alimuzaa angali mutoto wa shule, Dady amekua anamwita yaya mpaka juzi. Avenue nzima ilikuwa inawacheka, mutu anaita mama yake dada."

Yaya. Na mi nimeweka mama, mara mbili!

Basi alijua. Toka neno la kwanza alijua, na ameniomba nirudishe, na nikarudisha, na nikatabasamu. Kwa nini amenyamaza? Mutu akikutukana unajua uko wapi naye. Huyu amenitumia salamu kwa mama!

Alhamisi, 15 Juni

Nimeenda kwake. Nilikuwa nimepanga kumutisha kidogo: ukisema, klipi hakuna. Nimemukuta anamenya mihogo, kisu kinatembea chenyewe. Kabla sijakaa:

"Djamali. Ile ya kweli iko wapi?"

Nimesema nimefuta. Imenitoka tu. Kisu hakikusimama.

"Alisema nini?"

"Sikusikiliza, mama."

"Alikuwa anaongea na wewe unamutazama?"

"Nilikuwa natazama mudomo. Kwa ajili ya wimbo."

Amemaliza muhogo ule, ameutia kwenye maji. Nikamuomba asimuambie Placide. Nilipiga magoti, mi Djamali! Hajajua kama nimepiga magoti, labda sauti ilitoka chini. Akasema: "Simuambii mutu. Jumamosi uje na bafle yako kubwa ya sauti." Basi. Hajaongeza. Ningependa anichome na kile kisu.

Jumamosi, 17 Juni

Naandika nyuma ya jiko la Mama Emilienne. Nimesema nakuja kutafuta kamba ya umeme ya bafle. Kamba iko mufukoni mwangu.

Uwanja umejaa. Mafan wote na T-shirt za mwimbaji, wale wa kanisa, mpaka muzee wa avenue. Klipi imepita, wamelia, wamecheza, wakadai tena. Pale kwenye kiitikio mutu akapiga kelele: tazama, Dady anaimba! Nimejisikia mukubwa, kusema kweli. Dakika ngapi? Hata si tano.

Mama Emilienne akaomba mikro. Ameongea polepole: "Mutoto wangu aliacha maneno. Mi sikuyasikia. Lakini iko mutu mumoja hapa aliyatazama yakitoka, njo yeye peke yake duniani. Leo atatuambia. Siyo mashini — yeye, na mudomo wake. Djamali, simama."

Wote wamegeuka. Ningesimama niseme nini? Nikisema uongo, hapa wako watu mia wanaomujua Dady. Nikisema kweli, Placide yuko mbele kabisa. Na yule mama alikuwa ameelekeza uso mahali nilipo, sawasawa, kama mutu anayeona. Nikataja kamba, nikatoka.

Wananiita. Placide amezima jenereta ili sauti yangu isikike vizuri. Kimya kabisa, hata mbuzi. Ukuta wa jiko ni mufupi, nyuma yake ni shamba la mihogo, njia ya kwa mutoni iko pale. Ningeweza. Kiosque nitaiacha kwa nani?

Mama Emilienne anawaambia: "Musimufukuze. Mi sina haraka."

Placide amechungulia. Ameniona na kalamu. Uso wake umekuwa laini, macho yamejaa machozi. Amegeukia watu, amepaza sauti:

"Mungojee! Iko anaandika maneno ya Dady, asisahau!"

Wanapiga makofi.