Maji ya Hodi

Jumatatu, 2 Machi

Ziwa limeshuka tena. Visiki vya miti iliyozama kabla sijazaliwa sasa viko nje, vinaota jua. Mitambo miwili imezimwa, wa tatu unakohoa. Mjini mgao wa umeme: siku mbili giza, moja mwanga. Agizo la wizara ni lile lile — maji yote kwenye mitambo, malango yafungwe.

Maji ya mitambo hupita handakini, yanatokea mbali huko chini. Hapa chini ya ukuta wa bwawa mto ni mchanga mtupu. Na Kaka yangu, mtu mzima na akili zake, amelima nyanya katikati ya mto! Nikamwambia mto haufi, unalala tu. Akaniuliza tangu lini mfungua malango akawa nabii. Angekuwa mdogo wangu ningemzaba kofi.

Jumamosi, 7 Machi

Leo tumetoa maji ya hodi. Ndivyo tunavyoyaita hapa kazini: kabla ya kufungua malango makubwa tunaachia maji kidogo, ya kifundo cha mguu, yatangulie mtoni. Ukiyaona, panda juu. King'ora kiliungua, spea haiji, kwa hiyo hodi ndiyo onyo pekee tulilonalo.

Lakini wakulima walipolalamikia ukame, wizara ikawapa hodi kila Jumamosi, wamwagilie. Kuwaziba midomo tu. Nilitoka zamu mapema nikashuka kwa Kaka nione. Maji yalipotokeza kwenye kona watu wakayakimbilia — ndoo, majembe, watoto, kelele za furaha. Hakuna hata mmoja aliyepanda juu. Niliogopa, nasema kweli. Wifi, mke wa Kaka, akanicheka: mbona umekunja uso kama uko msibani?

Jumatano, 11 Machi

Mvua! Ya msimu ilitususa, hii isiyo na msimu imekuja bila kualikwa. Huku kwetu manyunyu tu. Kule milimani inamwagika usiku na mchana. Mpimaji wa mvua wa huko anasema ardhi imekauka kama kigae, hainywi, kila kitu kinateremka kwetu. Maji yamekuwa rangi ya matofali.

Injinia wetu aliomba ruhusa afungue mapema, kidogo kidogo. Makao makuu wakakataa. Watu wamekaa gizani miezi, nani atawaeleza kwamba tunamwaga maji? Subirini lijae. Injinia akaweka simu chini taratibu mno. Nikajua ana hasira.

Ijumaa, 13 Machi

Visiki vimezama vyote. Mitambo yote mitatu inanguruma na mjini wanashangilia.

Nimeshuka tena kwa Kaka. Nimembembeleza, nimegomba, mwisho nimelia. Ahame, alale kwake juu, aache nyanya. Anasema zinaiva wiki ijayo, ameweka kila alichonacho humo. Kisha akanishika bega.

"Malango si unayafungua wewe, dada yangu? Sasa utanizamisha mimi?"

Nimerudi na kapu la nyanya mbichi na moyo mzito.

Jumapili, 15 Machi

Inanyesha mpaka huku. Makao makuu hawapokei simu.

Jumatatu, 16 Machi

Naandika hapa hapa kazini, mikono ikikaa bure nitapiga mtu.

Ruhusa imekuja asubuhi hii, kwa kelele: fungueni, fungueni yote! Sasa ndio wanaharakisha. Tusipofungua, ukuta utapasuka na mji mzima utakwenda. Injinia akasema tuanze na hodi. Nikamwambia hodi itawaita. Akanitazama, akaelewa, akamtuma mlinzi na pikipiki akawatoe watu. Mlinzi amerudi mbio — barabara imekatika. Hodi ikatoka, hatuna njia nyingine.

Simu ya Kaka haipatikani, kwao mvua imekata umeme tangu juzi, haina chaji. Nikampata Wifi, yuko nyumbani juu. Sauti yake ya furaha.

"Ahsanteni wifi yangu! Leo si Jumamosi na mmetukumbuka. Mwenzangu keshashuka na jembe kuchepusha maji, na wenzake wote wako huko."

Nikapiga kelele: mkimbilie, mtoe, watoe wote, malango yanafunguliwa! Sijui alisikia yote. Simu ilikatika nikisema. Nikipiga tena, haipatikani na yeye.

Nimemwomba Injinia dakika. Hakuniuliza ngapi. Kutoka kwao mpaka mtoni ni mteremko, na Wifi ana mimba kubwa.

Maji yamefika mstari mwekundu wa hatari kwenye mita. Mawimbi yanarusha povu juu ya ukuta, sakafu inatetemeka chini ya kiti changu. Makao makuu wanapiga, wanapiga. Injinia ameiacha simu yao iite. Amevuta kiti, amekaa karibu yangu. Anasema kama siwezi atabonyeza yeye, na hakuna atakayenilaumu. Nimekataa. Akikosea mpangilio lango litakwama nusu.

Mara amenishika mkono, ameonyesha mita. Mstari umepitwa. Naweka kalamu chini, mkono naupeleka kwenye kitufe.