Nilitaka Kuirudia Siku ya Posa

Bi Somoe mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, ukishamaliza kucheka. Mimi nauza vitambaa kwenye duka la baba yangu hapa Kilindoni, na majuzi shangazi yangu Parin alinipeleka kwa Mzee Esmail kupeleka posa ya binti yake, Umme Kulsum, ambaye analinda viota vya kasa kule kisiwani Juani, ndani ya hifadhi ya bahari, na alipoingia na sinia la chai nikamuuliza kazi yake, akanieleza kwa furaha wanavyohesabu mayai, nami kwa kutaka kuwachekesha wazee nikasema, "Ukishaolewa utahesabu mashati yangu," nikacheka peke yangu, yeye akaweka sinia chini, akaingia ndani, hakutoka tena.

Tukaambiwa tusubiri jibu. Katika kusubiri huko nikawa naangalia zile filamu za mapenzi ambamo kijana akimuudhi mpenzi wake anarudi nyuma, anaianza siku ileile upya, anasema maneno matamu, na msichana, ambaye hakumbuki lolote, anampenda. Nikasema dawa yangu ndiyo hii! Nikambembeleza shangazi mpaka akachoka, akaenda kuwaeleza kina Mzee Esmail habari za filamu zangu na kuomba turudi, kila kitu kiwe kama mara ya kwanza, nami nikavaa shati lilelile, nikakariri habari za kasa kama mtu wa kufanya mtihani, na Mzee Esmail, Mungu amzidishie subira, akanipokea kwa kusema, "Ndiyo kwanza tunakuona, kijana," huku akiuma midomo asicheke.

Umme Kulsum akaingia na chai. Nikamuuliza, "Samahani dada, unajishughulisha na nini?"

"Unajua."

"Tufanye sijui. Tufanye leo ndiyo mara ya kwanza."

Akaketi, akanitazama. "Kwenye hizo filamu zako, yule msichana huulizwa kama anataka kusahau?"

Nikaanza kumweleza kwamba kasa hutaga usiku, maana ndiyo niliyokuwa nimekariri. Shangazi akapaliwa na chai.

"Mimi siku ile naikumbuka, Sohail," akasema Umme Kulsum. "Ukiifuta wewe, nitabaki nayo peke yangu." Akaingia ndani.

Sasa vijana wa sokoni kila nikipita wananiuliza leo ni tarehe ngapi. Jibu la posa bado, na tangu swali lile nampenda zaidi. Nijaribu mara ya tatu? Mtu akitaka kurekebisha kosa lake, ubaya uko wapi?

Sohail, Kilindoni

*

Marahaba, Sohail. Nimecheka, nimemaliza, sasa nisikilize. Wenzako hujiaibisha mara moja wakajificha. Wewe uliomba nafasi ya pili, ukaalika na mashahidi.

Ubaya uko hapa. Kijana wa kwenye filamu anajua kila kitu, msichana hajui chochote, halafu tunaambiwa yale ni mapenzi. Binti kaumizwa na hajui, kwa hiyo hapati hata nafasi ya kukasirika, wala ya kusamehe, wala ya kusema huyu simtaki. Mwingine keshamwamulia. Umme Kulsum alikuuliza jambo la maana kuliko filamu zako zote, nawe ukamjibu kwa kasa! Lakini pole, mwanangu. Alikueleza kinachomuuma. Wengi hata hilo hawalipati.

Mara ya tatu ipo, ila iwe ya leo. Mwombe shangazi akusindikize, na mbele ya walewale waliosikia mzaha wako useme, "Niliidharau kazi yako, nilikosea, naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Kimya kikiwa kirefu, kivumilie, usikijaze maneno. Anaweza kukusamehe na bado asitake kuolewa nawe. Hayo ni mambo mawili, usiyachanganye. Akisema hapana, mshukuru, muage baba yake kwa heshima, ukafungue duka.

Nenda alasiri hii, kabla hujapata filamu nyingine.