Namba ya Tanuru

Jumatatu, 5 Juni 1967

Daftari hili nimepewa leo na Mista Garside, injinia aliyeleta kabati jipya. Anataka niandike humu kila nikigusa valvu ya mafuta: saa ngapi, nimefungua kiasi gani, na kwa nini. Kwa nini! Miaka tisa nachoma mawe ya chokaa hapa Tororo, leo ndiyo mtu anakuja kuniuliza kwa nini.

Sitamwandikia. Nitaandika yangu.

Kabati ni la chuma, refu kunishinda, rangi ya majivu, lina taa nyekundu na za kijani. Ndani mna karatasi ya duara na kalamu inayochora yenyewe joto la tanuru, siku nzima. Joto likishuka, hewa inasukuma valvu, mafuta yanaongezeka. Likipanda, valvu inajifunga. Hakuna mkono wa mtu. Meneja akapiga makofi. Foromani Chrispinus naye akapiga makofi — huyu huyu niliyemfundisha kushika koleo kabla hajajua kuvaa tai.

Halafu wakaondoa kiti changu. Kiti cha mchomaji! Kimekaa mbele ya tundu la moto tangu tanuru lijengwe. Eti nafasi inatakiwa kwa nyaya. Mimi sasa ni "mwangalizi". Wameniachia kioo changu cha bluu tu, kile ninachotazamia moto usiniharibu macho, na hicho ni kwa sababu nilikuwa nimekitia mfukoni.


Jumatano, 7 Juni

Leo nimesifiwa. Bora ningetukanwa.

Mista Garside alituita wachomaji wote watatu, mimi, Ilukor na Elungat, akatuwekea mezani vitabu vya zamu vya miaka minane. Vyote! Alivichukua tangu mwaka jana, akakaa navyo Nairobi, akavipigia hesabu. Chrispinus akatafsiri: injinia anasema hajaona wachomaji wenye mkono imara hivi. Kila saa, kila siku, digrii 1850 za Fahrenheit, ikipotea sana 1860 au 1840. Kwa hiyo kabati amelifunga kwenye 1850. Tumelifundisha sisi, anasema. Akatupa mkono mmoja mmoja.

Nikamtazama Chrispinus. Chrispinus akatazama kiatu chake.

Ngoja niandike wazi, maana sijawahi kuliandika popote. Mita ya joto ilikufa mwaka 1959. Sindano ilisimama, haikuondoka tena. Tukaripoti. Meneja wa wakati ule akasema kipuri kimeagizwa Uingereza, kwa sasa andikeni 1850, ndiyo anayotaka kuiona mkubwa wa Kampala. Kipuri hakikuja. Meneja akaenda zake kwao, mita ikabaki ukutani, na sisi tukaendelea kuandika. 1850. Mara moja moja 1860, isionekane imenakiliwa. Ilukor alipokuja nikamfundisha moto, kisha nikamfundisha na kitabu. Yeye alipenda 1855. Chrispinus, enzi zake za uchomaji, alikuwa anajaza zamu nzima asubuhi kabla ya chai.

Moto wenyewe tulichoma kwa macho. Na chokaa ilikuwa safi, muulize mtu yeyote kuanzia hapa hadi Majanji. Lakini joto lilikuwa ngapi hasa? Hakuna anayejua. Na sasa kuna kabati zima linaloamini uongo wetu.


Ijumaa, 9 Juni

Moto hauko sawa. Nimeutazama kwa kioo: mwekundu, mzito, kama wa jiko la mkaa unaozimika. Moto wa chokaa unatakiwa uwe na rangi ya ganda la chungwa lililoiva, na ukutani uone matofali yanang'aa bila kivuli.

Nikachukua bonge lililotoka, nikalitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Chokaa iliyoiva huchemka yenyewe, ikapasuka, ikawa unga. Hili lilitoa povu kidogo, likanyamaza. Katikati jiwe zima! Jiwe lile lile lililotoka mlimani.

Nikambebea Chrispinus hilo jiwe mpaka ofisini kwake. Akafunga mlango. Akasema mzee, hiyo story ya vitabu iache ife, ukiitoa tunakwenda wote, na wewe mtu wa ng'ambo ndiyo utakwenda wa kwanza. Sasa hivi nakutafutia kazi ya stoo, akasema. Nikamuuliza kama mawe haya nayo atayatafutia kazi ya stoo. Akanifungulia mlango.

Mtu wa ng'ambo! Nyumbani kwangu Busia, upande wa Kenya, ukisimama juu ya paa unaiona Uganda.


Jumapili, 11 Juni

Nimekuja nyumbani kwa basi la jana. Kanisani sikusikia neno hata moja. Benedeta akaona. Baada ya chakula akauliza, nikamwambia yote, nikitegemea mke wangu atakasirika pamoja nami.

Alikuwa anamenya mihogo. Akasema: "Baba Felistus, wewe umeandika uongo miaka minane. Sasa unakasirikia chuma kwa sababu kilikuamini?"

Nikaondoka pale. Nikatembea hadi sokoni, sikununua kitu, nikarudi. Alikuwa bado anamenya. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Mwanamke huyu hajawahi kuona tanuru maishani mwake.


Jumanne, 13 Juni

Lori limerudi kutoka Nagongera na mzigo wetu wa chokaa. Fundi wa huko alipiga lipu ukuta wa darasa, ukawa na vipele kama mtu mwenye ndui. Meneja amepiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mista Garside akasema mashine haikosei. Amefungua kabati, amefunga kabati, amefuta vumbi kwenye vioo. Haikosei!

Na saa nne asubuhi Ilukor akafanya lile ambalo mimi nilikuwa nalitamani wiki nzima. Alitazama moto, akaona unakufa, akazungusha gurudumu la valvu ya pembeni kwa mkono wake. Nilikuwa hatua tano kutoka kwake. Sikumzuia. Moto ukapanda, ukawa moto. Nusu saa tukaona chokaa ya kweli.

Sikufikiria ile kalamu. Wala yeye. Kumbe muda wote inachora! Kwenye karatasi pametoka mlima, saa nne kamili, na zamu ilikuwa ya Ilukor. Siku zote kitabu kiliandika tulichokiambia. Kalamu hii haiambiwi.


Alhamisi, 15 Juni

Wamemsimamisha Ilukor. Mhujumu, ndivyo meneja anavyomwita. Wanasema mawe yote ya Nagongera ni kazi ya mkono wake, kwamba amekuwa akigusagusa valvu ili mashine ionekane mbaya, azuie maendeleo. Mchoro wa Jumanne ndio ushahidi. Jumatatu wanampeleka polisi na karatasi yao. Mtu aliyechoma chokaa nzuri kwa nusu saa ndiye mwenye kosa la mawe ya wiki nzima! Hata wazimu una mpaka.

Nilimfuata kwake, Mukuju, kwa baiskeli. Alikuwa anapalilia karanga na mkewe Akiteng, watoto wanne wamekaa mstarini kwenye kivuli cha nyumba. Alinyoosha mgongo akanisalimia kama kawaida.

"Mzee, mimi naona moto nakufa, mi nafungua," alisema. "Siwezi kaa naangalia tu."

Nikamuuliza kama amewaambia habari ya vitabu.

"Mi nasema nini? Hiyo si mwandiko yangu peke yangu. Iko yako. Iko ya Elungat." Akarudi kwenye jembe. "Nalinda wewe, mzee. Lakini Akiteng anauliza mimi, huyo mzee yeye analinda nani?"

Akiteng hakuniangalia. Nimerudi Tororo nikikanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa. Nimekasirika na Garside, na meneja, na Chrispinus na tai yake. Nimekasirika na meneja yule wa zamani aliyelala kwao Uingereza bila wasiwasi. Nimeorodhesha wote, bado hasira inabaki, na ninajua ni ya nani.


Ijumaa, 16 Juni

Nimesema.

Chrispinus alisimama mlangoni kwa Mista Garside, mkono umeshika mbao ya mlango. Akaniambia injinia ana kazi. Nikamwambia atoke au nianze na yeye. Akatoka.

Sikutaka mtafsiri. Kiswahili cha Mista Garside kinatosha kwa aibu. Nikamwonyesha mita iliyokufa, pale ukutani nyuma ya makabati ya sare, imejaa utando. Nikamfungulia kitabu cha 1962, mwandiko wangu, kurasa kumi mfululizo. Nikasema hii uongo. Hii uongo. Hii pia. Ya Ilukor uongo, nilimfundisha mimi. Jumanne ndiyo siku pekee mkono wa mtu uliandika ukweli kwenye karatasi zenu.

Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari, nilikuwa na majibu. Yeye akakaa juu ya sanduku, akavua miwani, akaifuta.  Kisha akauliza swali moja tu.

"Basi namba ya kweli ni ngapi?"

Nikafungua mdomo. Sina! Miaka tisa, na sina namba. Nina rangi ya ganda la chungwa. Nina sauti ya tanuru linapotosheka. Nikasema, sijui, lakini nikiuona naujua.

Akasema vizuri. Kesho tutawasha bila kabati kushika valvu. Wewe utatazama, mzee, ukiona ni sawa sema "sasa", mimi nitatia alama kwenye karatasi. Hiyo ndiyo itakuwa namba. Vitabu vya zamani tutachoma.

Na Ilukor? Akasema namba ikipatikana, meneja ataona mwenyewe kwamba kijana alikuwa sahihi. Isipopatikana — akainua mabega.

Kijana! Ana watoto wanne.


Jumamosi, 17 Juni

Wamerudisha kiti changu. Naandika hapa hapa, daftari juu ya goti, kwa sababu tanuru linapanda polepole na hakuna kingine cha kufanya. Mista Garside amesimama kwenye kabati, penseli mkononi. Meneja ameketi mbali kidogo. Chrispinus hana tai leo.

Jambo moja nimeliona jana usiku kitandani na leo naliona zaidi. Nikisema "sasa", anatia alama. Alama ikishatiwa, kabati linajua ninachojua mimi. Lote. Jumatatu kiti hiki kinatoka tena na hakirudi. Elungat hana kazi, Ilukor anaachiwa huru aende kupalilia karanga, na mimi stoo, au ng'ambo. Wamenitaka niseme neno moja tu, halafu ninyamaze maisha.

Mwekundu. Bado kweli.

Ilukor amekuja. Hawamruhusu kuingia, amesimama getini, anatazama juu.

Wekundu unafifia. Pembeni chungwa linaanza. Garside ameuliza: "Sasa?" Nikasema bado. Ilikuwa bado.

Ni mzuri moto huu. Mungu wangu, ni mzuri. Matofali yote yanang'aa, hakuna kivuli hata kwenye kona ya mwisho. Tanuru limeanza kunguruma ile sauti ya chini.

Ameuliza tena. Nikasema bado.

Tangu nimdanganye zimepita dakika kumi. Ikizidi sana matofali ya ndani yatapasuka, na hilo nalo litakuwa kosa la mtu. Meneja anatazama saa. Garside hatazami kabati tena, ananitazama mimi.

Nimegeuka kuelekea getini. Ilukor haangalii huku kwangu, anaangalia bomba la moshi. Moshi umekuwa mweupe, mwembamba, karibu hauonekani. Nilimfundisha mimi kuusoma.

Sasa ameshusha macho. Anajua moto umefika, na mimi sijasema.

Garside anakuja na penseli yake.