Kimya Ulichokiita Ridhaa

Kwa kaka yangu Bakari, Gazi.

Shikamoo. Nakuamkia kwa kuwa Mama hakunilea kwa utovu wa adabu, usitafute mapenzi humo. Afya yako sikuulizi. Ulivyomfokea Mama kwenye simu nimejua u mzima. Naandika kwa karatasi kwa sababu mimi nikipiga unakata.

Bado nimelazwa huku Nairobi. Nimepasuliwa kifua. Mshipa mkubwa unaotoka moyoni ulikuwa umevimba kwa ndani hadi damu ikakosa njia, na moyo ukachoka kusukuma. Wamekata kipande kibovu, wakashona bomba mahali pake. Nikikohoa naukumbatia mto na kulia. Mama hulala kwenye kiti kando yangu, na baridi ya huku haina huruma.

Daktari aliniuliza kwa nini niliacha vidonge vya kutuliza uvimbe huo. Nikamwambia kaka yangu alivificha. Uliniona mashavu yamejaa ukasema, "Mgonjwa gani huyu alivyonawiri? Huyu ni wa kuolewa." Kumbe dawa ndiyo iliyonijaza uso. Nawe ukaenda mbio kumwahidi Salimu, muuza samaki wako.

Halafu ukamleta shehe nyuma ya pazia aniulize idhini. Nikanyamaza. Ukasema, "Kimya cha mwali ni ridhaa, shehe, twende tukale." Bakari, sikuwa na haya wala ridhaa. Sikuwa na pumzi. Nilikuwa nimeshika ukuta, na mlipokuwa mkila pilau Mama alinikuta sakafuni.

Leo wasema nikaha ni Ijumaa, niwepo nisiwepo, maana idhini nilikwisha kuitoa. Tena kovu nilifunike, Salimu asilione mapema. Huna haya hata kidogo.

Tangu Baba afe wewe ndiwe walii wangu wa kuniozesha, sikatai. Lakini walii haozeshi kwa kimya cha mtu anayezimia. Simtaki Salimu. Nimelisema kwa sauti hapa kitandani, Mama akasikia, na wagonjwa wenzangu wakageuka.

Msalimie Bibi, mwambie nakula. Msalimie wifi yangu, mkeo, aliyekuomba uniache nipumzike ukamgombeza. Salimu mwambie sina ugomvi naye, atafute anayemtaka.

Na usiichane barua hii ukadhani umemaliza. Haya ya juu Mama ameshayapiga picha akamtumia shehe, naye amejibu kwamba hafungishi nikaha hiyo. Ijumaa akija kwako, atakuja kula tu.

Ni mimi nduguyo, ninayepumua,
Mwanasiti