Mama Mwita Mahali pa Mkuyu

Fundi Marwa,

Nimechoka. Mikono inanuka dawa ya kusafishia picha, miguu imejaa vumbi la Genkuru, na tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni. Lakini hili lazima nikwambie leo.

Mkuyu wako haupo. Tulikuzika ubavuni mwake kama ulivyoagiza, na kabla msalaba wako wa mbao haujapauka, ikasemekana kuna dhahabu nyuma ya boma lako. Watu wakaja na sururu. Mkuyu wakaukata, wakauteremsha mashimoni kushikilia kuta. Kisiki wakaking'oa, mawe wakayamwaga kila mahali. Kaburi lako likapotea, Fundi. Shemeji yako anasema uko huku, mwanao anasema uko kule. Kesho ndugu zako wanalijengea kwa saruji, na mkeo, Mama Mwita, hali wala halali. Anaogopa watajengea mahali patupu.

Nikakumbuka ulivyotuchosha na mti ule. Wateja wamejaa studio wanataka kupigwa picha mbele ya pazia lenye minazi ya kuchorwa, wewe umebeba kamera ya miguu mitatu unakwenda kupiga mkuyu! Ulisema wapiga picha wa mwanzo kabisa, kule Ulaya, walipenda miti kwa kuwa kamera zao zilikuwa za polepole na mti hauchoki kusimama. Ukitundika picha, watu wanauliza, "Sasa mtu yuko wapi?" Ulikuwa unacheka tu. Mimi mwanafunzi wako nilikuwa naona aibu.

Kila msimu ulirudi palepale. Mawe matatu chini ya miguu ya kamera, na kamba ya ng'ombe kutoka kwenye kamera hadi shinani, ili mti usisogee karibu wala usiende mbali. Kamba ilikuwa bado inaning'inia studio. Mawe nimeyakuta leo kwenye majani, hakuna aliyeyagusa.

Nikasimamisha kamera. Mama Mwita akashika ncha ya kamba, akapanda kifusi hadi ikakaza. Mkononi nina picha yako, na kule mbele lipo lile pengo la mlima ambalo shina lilikuwa likisimama chini yake. "Sogea kushoto, mama. Kidogo tena." Kwenye kioo alionekana kichwa chini miguu juu, kama kawaida ya kamera yako. Alipofika usawa wa pengo nikapaza sauti maneno uliyokuwa ukiuambia mti: "Hapo hapo, mzee, usitikisike!"

Akalia, Fundi. Alilia sana. Lakini hakutikisika, nami nikabonyeza.

Jioni vijana wakaondoa kifusi ubavuni mwa pale aliposimama. Msalaba tumeukuta. Umevunjika, ila jina lako linasomeka.

Basi pumzika. Mawe yako nitayatunza, na kila msimu nitarudi na kamera. Picha ya leo naitundika karibu na zile zako. Wakiuliza mtu yuko wapi, safari hii yumo. Amesimama, na wewe uko ubavuni mwake.

Mwanafunzi wako,
Bhoke