Mnunuzi Akija, Mwambie Shamba Lina Watu

Nanganga, Masasi

Kwa Mjomba Husseni, Newala.

Shikamoo Mjomba. Huku mvua imenyesha vizuri na mihogo imeshika. Mdogo wangu Mujibu yuko nami wiki hii, anakula sana.

Barua yako imefika. Unataka kuuza shamba la mikorosho la Chiwata ili Mujibu naye asome chuo kikuu, kama ulivyouza lile la kwanza kwa ajili yangu. Mjomba, nimekuficha jambo kwa miaka mitatu. Sijaajiriwa. Nafundisha kwa kujitolea, wazazi wa wanafunzi wananichangia elfu themanini kwa mwezi, na mkopo wa chuo niliojazia ada bado nadaiwa. Jioni nauza bagia barabarani.

Juzi nilimweleza Mujibu yote. Akauliza, "Dada, ungerudi nyuma, ungesoma tena?"

Nilitaka kusema hapana. Lakini mchana ule binti mmoja, aliyekuwa akilia kila kipindi cha hesabu, alikuwa amepata kumi kwa kumi, akanikimbilia na daftari.

"Ningesoma," nikamjibu. "Ila nisingekubali shamba liuzwe."

Basi Mujibu ameomba mkopo wa serikali. Akiukosa, atangoja mwaka mmoja. Msimu huu tutakuja wote wawili kupalilia mikorosho na kupulizia dawa.

Ukinikasirikia, ni haki yako. Lakini mnunuzi akija, mwambie shamba lina watu.

Mpwa wako uliyemsomesha,
Faidha